Matangazo ya YouTube hayazuiliki tena, jee tufanyeje?

Safari hii ukurasa wetu wa maswali umejaa kitu kimoja tu. Meseji, barua, mpaka voisi za wasomaji wa Unguja na Pemba, wote wanalia na matangazo ya YouTube, kwamba zamani ukiweka adibloka (programu ya kuzuia matangazo) unaangalia video zako raha mustarehe na sasa haikubali, ama video inagoma ama linatokeza dirisha la kukwambia uzime hicho kizuizi chako. Nimechagua maswali sita. Nimeyafupisha kidogo lakini maneno ni ya wenyewe, na majina nimeyaweka pembeni.

Asalaam alaykum Mwalimu. Mie nna laptopu, natumia Chrome na uBlock Origin toka niko skuli, tangazo sijaliona miaka. Mara ikaanza kunambia adibloka haziruhusiwi YouTube, mara ikanihesabia video tatu kisha ikanifungia, nikahangaika nikaitoa nikairejesha ikatulia, baadae Chrome yenyewe ikaizima ikasema haitumiki tena. Hawa wananitafuta mie peke yangu au vipi? Na jee, kuzuia tangazo ni wizi? Maana kuna mwenzangu kila tukikaa barazani ananita mwizi.
*Kijana wa Mwanakwerekwe, Unguja*

Waalaykum salaam kijana wangu. Hakuna anokutafuta weye, ni dunia nzima. Ila hapo yamekuchanganyikia mambo mawili, na si kosa lako kwani yamekuja yakifuatana.

La mwanzo ni la YouTube wenyewe. Katikati ya 2023 walianza kujaribu kwa watu wachache, ukionekana na adibloka unahesabiwa video tatu kisha kioo kinafungwa, na ilipofika Novemba 2023 wakasema sasa ni kampeni ya ulimwengu mzima. Aprili 2024 wakahamia kwenye zile aplikesheni za nje zinazoonesha YouTube bila ya tangazo, ukifungua unaambiwa video haipatikani humu au inazunguka tu haianzi. La pili ni la Chrome. Chrome ina kanuni zake za ekstensheni, yaani zile programu ndogo za kubandika kwenye brauza kama adibloka yako, kanuni mpya zinaitwa Manifest V3, na toka Juni 2024 wakaanza kuziondoa zile zilizojengwa kwa kanuni za zamani. uBlock Origin uliyokuwa nayo ni ya zamani. Alieitengeneza, Raymond Hill, ametoa nyengine ndogo, uBlock Origin Lite, hio inakubali Chrome lakini nguvu zake si zile. Google wanasema wamebadilisha kwa ajili ya usalama na wepesi wa brauza, na kweli ekstensheni mbovu zipo chungu nzima zinazoiba taarifa za watu. Lakini usisahau kwamba YouTube ni ya Google toka 2006, waliinunua dola bilioni 1.65, na Chrome ni yao vilevile. Mwenye duka na mwenye mlango ni mtu mmoja, na mie hilo silipendi, nasema wazi.

Sasa kwa nini haizuiliki kama zamani? Adibloka ni kama bawabu alieshika orodha ya majina mlangoni. Ukurasa ukiomba faili kutoka anuani ya matangazo, bawabu anatazama orodha, jina limo, anarejesha. YouTube wakafanya mambo mawili. Kwanza wakaweka msimbo ndani ya ukurasa unaochungulia kama tangazo limecheza kweli au limerejeshwa njiani, na huo mchungulio wenyewe umeleta kesi, kuna mtaalamu wa faragha anaitwa Alexander Hanff alipeleka malalamiko kwenye tume ya ulinzi wa data ya Ireland mwezi wa Oktoba 2023, hoja yake ni kwamba huwezi kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukapekua bila ya ruhusa yake. Pili, Juni 2024 yalionekana majaribio ya kulishona tangazo ndani ya video huko huko kwenye seva (kompyuta zao zinazotuma video), kabla halijatoka. Hapo bawabu hana lake, kwa sababu tangazo na video vinakuja kwa mlango mmoja na jina moja. Sukari ikishakorogwa kwenye chai utaitoa na kijiko gani?

Na si kila kugoma ni YouTube. Januari 2024 watu walilalamika sana kwamba kompyuta zinapanda moto na video zinakwenda kwa kusuasua, kila mtu akasema ndio hao hao, kumbe hitilafu ilikuwa ndani ya AdBlock na Adblock Plus zenyewe, zikarekebishwa yakaisha. Kwa hivo ukiwa na adibloka mbili au tatu kwa pamoja, na najua wengi mnafanya hivo mkidhani nguvu zinaongezeka, toa, bakisha moja.

Tuje kwenye wizi. Mwenzako wa barazani ana hoja yake na ntaigusa huko chini kwa yule wa Chake Chake, lakini neno mwizi silikubali, na sababu yangu ni bando.

Redio ikitoa tangazo la sabuni weye hukatwi kitu. Televisheni vivo hivo, unakwenda zako jikoni unarudi, limepita. Tangazo la YouTube unalishusha kwa megabaiti zako ulizozinunua kwa vocha yako. Chukua kalamu tuhesabu. Video inayokuja kwa megabiti 2 kwa sekunde, ambao ni ubora wa kawaida tu, tangazo la sekunde 30 linakuwa megabiti 60, gawa kwa 8 unapata megabaiti 7 na nusu. Ukiona matangazo 10 kwa siku ni megabaiti 75. Mwezi wa siku 30 ni 2,250, yaani umevuka giga 2 kwa matangazo matupu, video hujazihesabu. Mtu wa London mwenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa halijui hili wala haliwazi, kwake tangazo ni kupoteza muda basi. Kwa mtu wa Mwanakwerekwe anaejiunga bando la siku tangazo ni pesa, tena kishalipa kwa muda halafu analipa tena kwa bando. Wakati YouTube wanapiga hesabu zao za nani anakula bure, hio giga 2 ya mtu wa hapa hawaihesabu, na mimi nnaona ni dhulma hasa, si jambo dogo.

Tena kuna la usalama. Disemba 2022 FBI ya Marekani yenyewe ilitoa tahadhari kwa wananchi wake watumie adibloka wanapotafuta vitu kwenye mtandao, kwa sababu matapeli wanalipia matangazo yanayojifanya ni kampuni fulani. Mtu anaechukua tahadhari ya namna hio huwezi kumwita mwizi moja kwa moja.

Kama unataka kuendelea, Firefox bado inapokea uBlock Origin kamili. Itafanya kazi leo, kesho itagoma, keshokutwa itapata apdeti, ndio mwendo wake. Ila nakuomba kitu kimoja, ukienda kwenye chaneli ya mtu wa kwetu, bonyeza kitufe uizime. Soma jibu la Chake Chake utajua kwa nini.

Mwalimu naomba unisaidie na Mungu atakulipa. Kila Ijumaa asubuhi nawasha Suratul Kahf kwenye simu huku napika, wanangu wanasikiliza. Ijumaa ilopita katikati ya aya likaingia tangazo la kubeti, muziki na makelele, mikono yangu ina unga siwezi kuishika simu, mwanangu mdogo akaja mbio kutazama. Nimeumia sana. Nani anaweka vitu hivi kwenye Kur'an? Na huyo ustadh aloweka haoni haya?
*Mama wa watoto watatu, Wete*

Bi mkubwa, pole sana, na nakwambia kweli swali lako nimelisoma mara mbili kwani hata kwetu limeshatokea, marehemu mama alikuwa akisikiliza Kur'an alfajiri kwenye redio ndogo iliyofungwa mpira, na siku tulomletea simu tukadhani tumemfanyia wema, siku ya tatu akatwambia irejesheni redio yangu.

Nianze na ustadh, usimuhukumu kwanza. Zamani tangazo liliingia kwenye chaneli za wale walioomba wenyewe kulipwa. Novemba 2020 YouTube wakabadilisha masharti yao, wakajipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye chaneli ambazo hazimo kwenye mpango wa malipo, wakaanzia Marekani na 2021 ikawa kila pahala, na mwenye chaneli kama hio hapati hata senti. Kwa hivo inawezekana kabisa yule aloweka kisomo aliweka kwa ajili ya thawabu tu, hakuomba tangazo wala hana habari kama lipo. Ila wapo vilevile waliomo kwenye mpango, na hao wanaweza kuruhusu tangazo la katikati kwenye video iliyozidi dakika 8. Suratul Kahf inazidi sana dakika 8. Kwa maoni yangu mtu anaeweka Kur'an na anao uwezo wa kuyazima ya katikati, na ayazime, aache la mwanzo kama anahitaji. Kukata aya kwa makelele halielezeki.

Sasa la kufanya. Hakikisha simu imeingia kwenye akaunti yako ya Google, si akaunti ya fundi alokuuzia (wengi mnatembea na akaunti za watu humo). Likija tangazo gusa vile vitone vitatu au kile kialama cha herufi i, kitakupeleka pahala panaitwa My Ad Center. Humo kuna sehemu ya mambo nyeti, na kamari imo, na pombe imo, na mambo ya kutafuta wachumba yamo. Zima zote hizo. Halafu usipige moyo konde ukadhani yamekwisha, wao wenyewe wanasema yatapungua, hawasemi yatakoma.

Ndio maana nakupa na njia ya pili ambayo kwangu ndio bora. Kisomo kiweke kwenye memori kadi kama sauti tupu. Misikiti mingi na maduka ya kaseti na sidii ya zamani wanavyo visomo kamili juzuu 30, unawapa kadi yako wanakutilia. Au mwambie kijana wako mkubwa akushushie kutoka tovuti za visomo zinazotoa bure kwa idhini ya wenyewe. Ukishaweka, unawasha hata simu haina bando, hata mtandao umekatika mvua inanyesha, hakuna wa kukukata. Ijumaa ijayo utapika umetulia inshallah.

Mie ni fundi simu, Darajani. Kila siku wateja wananitaka niwawekee YouTube isiyo na tangazo, nachukua 2,000 namtilia APK (faili la kuwekea aplikesheni) dakika tano kaondoka anashukuru. Zamani nilikuwa natumia Vanced, siku hizi nazipata kwenye magrupu ya Telegram. Kuna ubaya? Maana riziki.
*Fundi, Darajani*

Ndugu yangu fundi, ubaya upo, na ntakwambia bila ya kukuzunguka.

Vanced ilifungwa na watengenezaji wenyewe mwezi wa Machi 2022 baada ya kuletewa barua ya kisheria na Google. Ilikufa. Kila kinachokuja leo Telegram kimevaa jina lile hujui nani kakitengeneza. Yule wa mwanzo watu walimjua, kazi yake ilitazamwa na wengi. Huyu wa grupu ni nani? Faili limeshapita mikono mingapi kabla halijafika kwako Darajani?

Hebu nkwambie nilichokiona. Jirani yangu aliletewa simu na mwanawe, humo mna YouTube ya bure, akanambia itazame mbona betri inakwisha mchana. Nikafungua kwenye ruhusa za hio aplikesheni tukawa tunasoma wote wawili, kidole changu kinashuka mstari kwa mstari: kusoma meseji, imeruhusiwa. Majina ya simu, imeruhusiwa. Kuonekana juu ya aplikesheni nyengine, imeruhusiwa. Nikamuuliza, video inataka meseji zako za nini? Akanyamaza. Simu hio hio ndio anayopokelea pesa za biashara yake ya dagaa, namba za siri za benki zinakuja kwa meseji hio hio. Tukaitoa pale pale, tukabadilisha neno la siri la akaunti ya Google kwa simu nyengine, kisha tukaifuta simu yote tukaanza upya. Hakuwa ameibiwa bado, alhamdulillahi. Lakini mlango ulikuwa wazi na yeye ndie alofungua, kwa kuwa fundi alimwambia bonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mteja wako hajui kusoma ruhusa, weye unajua, kwa hivo jukumu liko kwako. Akikutaka umuondoshee matangazo muwekee Firefox ya simu pamoja na uBlock Origin kutoka dukani kwake halali, hio inakubali kwenye Android, chukua 2,000 yako kwa kazi ya dakika zile zile. Si tamu kama aplikesheni, na kuna siku itagoma, mwambie mapema. Lakini haisomi meseji za mtu.

Na wale wanaokutaka uwawekee VPN, ile ya kuficha uko nchi gani, ili wanunue Premium (YouTube ya kulipia isiyo na tangazo) kwa bei ya nchi rahisi, waambie mawili. YouTube 2024 walianza kuwafutia usajili walionunua kwa kujifanya wako nchi nyengine. Na hapa kwetu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Oktoba 2023 ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Usimtie mteja kwenye mambo mawili hayo kwa ajili ya kuangalia mpira.

Mwalimu, nna chaneli yangu narikodi mchezo wa ng'ombe na mambo ya vijijini huku Pemba. Nimefika wafuasi 1,300. Malipo yamefunguliwa lakini toka nianze nimefikia dola 41 tu na sijalipwa chochote. Hivi hawa wanaozuia matangazo ndio wanaonimaliza? Wengine ni jamaa zangu kabisa!
*Mwenye chaneli, Chake Chake*

Kwanza hongera, wallahi. Kufika huko si mchezo, kwani sharti la kulipwa kwa matangazo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kuangaliwa ndani ya miezi 12, au zile video fupi zinazoitwa Shorts ziangaliwe mara milioni 10 kwa siku 90. Mtu anarikodi ng'ombe Pemba, simu mkononi, anarukaruka na umma uwanjani, akafika saa 4,000, huyo amefanya kazi.

Pesa zako hazijaliwa. Google hawatoi mpaka zifike dola 100, zinakaa hapo zinakusubiri. Na mgao ni huu: kwenye video ndefu tangazo likilipwa weye unapata asilimia 55 na wao 45, kwenye vifupi unapata asilimia 45 ya fungu la watengenezaji. Sasa mtu akiangalia na adibloka, 55 ya kitu ambacho hakikuoneshwa ni sifuri. Kwa hivo ndio, jamaa zako wanakupunguza, na hapa ndio pahala ambapo yule wa barazani Mwanakwerekwe ana haki. Chaneli kubwa ya Marekani haihisi mtazamaji mmoja. Weye kila mmoja unamhisi.

Na 2025 limezuka jengine, watengenezaji wengi waliona hesabu ya kuangaliwa imeshuka ghafla kwa watu wa kompyuta, na YouTube wakaeleza kwamba adibloka na zana za namna hio zinaweza kuharibu hata hesabu yenyewe ya walioangalia. Kwa hivo mtu anaweza kukaa akaangalia video yako mwanzo mwisho na usihesabiwe.

Lakini adibloka sizo peke yake zinazokuangusha. Bei ya tangazo inategemea anaeangalia yuko wapi. Mtangazaji analipa zaidi kumfikia mtu alioko Uingereza kuliko alioko Wete, ndio biashara ilivo. Na weye una bahati hio, Wapemba wako kila pembe, Muscat wako, London wako, na hakuna kitu Mpemba alioko baridini anakitamani kama kuona ng'ombe anatolewa na ngoma zinalia. Andika vichwa vya video vizuri, taja kijiji na mwezi, mtu akitafuta kijiji chao akuone. Video zako nimezitazama (uliniletea), nyingi ni dakika 5 au 6. Mchezo hauishi dakika 6! Acha ziende kumi na kitu zipite zile dakika 8, uweke tangazo moja la katikati pale watu wanapopumzika na si pale ng'ombe anapokuja mbio. Mtu akikatwa pale ndio anakwenda kutafuta adibloka.

Jamaa zako wape neno moja kwa upole: anaelipia Premium anakulipa na weye vilevile bila ya kuona tangazo, kwa sababu fungu la usajili linagawiwa kwa chaneli alizoziangalia. Asieweza kulipia, na wengi hawawezi, azime adibloka kwa chaneli yako tu. Wakikataa usigombane nao.

Habari Mwalimu, tunaweza watu sita wa hosteli kuchangia Premium moja ya familia?
*Mwanafunzi, Tunguu*

Kwa masharti yao hapana. Ile ya familia ni mwenyewe na watu watano, lakini wawe wanaishi nyumba moja na mwenye usajili, na wanajua kuangalia. Hosteli watakwambia si familia. Tazama kama kuna bei ya mwanafunzi kwenye akaunti yako, ingia, gusa picha yako, kama huduma imefunguliwa kwa nchi uliyopo bei itakuja kwa shilingi. Usiende kwa bei unazozisikia za Marekani, kule ilipanda kutoka dola 11.99 mpaka 13.99 mwaka 2023, ukiigeuza inakaribia elfu 35 kwa mwezi, mwanafunzi gani atoe hio.

Mwalimu, mimi ni mzee wa Ng'ambo, ujana wangu nilipiga fidla kwenye taarab. Mjukuu wangu amenionesha nyimbo tulizorikodi zamani ziko YouTube, mtu simjui kaziweka, na kila moja linaanza na tangazo. Pesa hizo zinakwenda kwa nani? Sie wengine tumebaki wawili tu.
*Mzee, Ng'ambo*

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndio limenifanya nikae mpaka usiku.

Kwa utaratibu ulivo pesa zinakwenda kwa mwenye chaneli, kama yumo kwenye mpango wa malipo, na kama hayumo zinabaki kwa YouTube. Haziji kwako zenyewe, hata kama mkono uliopiga fidla ni wako. Ili zije kwako lazima mwenye haki ajitokeze. YouTube wana mtambo unaoitwa Content ID, toka 2007, unatambua sauti, mwenye haki akisajiliwa humo basi video ya mtu mwengine ikicheza nyimbo yake anaweza kuifungia au kuiacha icheze na pesa za tangazo zije kwake. Lakini mtambo huo hawapewi watu mmoja mmoja, wanapewa mashirika na kampuni zenye kazi nyingi. Mtu mmoja anayo fomu ya kawaida ya kudai hakimiliki, hio mjukuu wako anaweza kuijaza, na ikikubaliwa video inaondolewa.

Mie sitaki ziondolewe, na nadhani na weye hutaki, kwani nyimbo zikitoka hapo watoto wa leo watazisikia wapi. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki ya 2003 na tuna ofisi ya hakimiliki, COSOZA, kwa kazi hio hio. Nenda wewe na mwenzako aliebaki, na mjukuu awafuate na simu yenye hizo video. Mwende na majina ya waliopiga, nani alitunga, nani aliimba, mlirikodi wapi na mwaka gani, na warithi wa waliotangulia mbele ya haki muwataje, wasisahauliwe. Kikundi kama bado kina viongozi basi dai liwe la kikundi, litakuwa na nguvu zaidi kuliko la mtu mmoja.

Umeandika mwisho wa barua kwamba unayo kaseti moja ya zamani yenye majina yenu kwa mkono kwenye karatasi yake, na kwamba utepe umeanza kushikana. Usiiweke kwenye redio kaseti, itakatika. Mpe mjukuu aipige picha hio karatasi pande zote mbili leo hii kabla wino haujafifia, kisha ileteni ofisini kwetu ilivo ndani ya mfuko mkavu. Kuna kijana hapa anajua kuinyoosha.